Mtoi wa wiki 7 hajapupu siku ya tano sasa na shosho yuko na kipande cha sabuni

MamaKadogo_Umoja

Habari zenu wazazi. Msinicheke, huyu ni wa kwanza na naandika nikiwa nimejifungia bafuni. Binti yangu ana wiki 7 na siku mbili, ananyonya tu, hajawahi onja kitu kingine hata maji. Tangu azaliwe alikuwa anapupu kama ameandikwa hiyo kazi, akishika titi tu unasikia prrrr, siku zingine daipa saba nane, mpaka bwanangu akaniuliza kama nazipeleka sokoni kuuza. Sasa wiki iliyopita Jumatatu tukaenda kliniki ya wiki 6, akadungwa mapajani, akapewa na yale matone ya mdomo, siku mbili tatu hivi ikaanza kupungua, mara moja kwa siku, halafu kimya. Mara ya mwisho ilikuwa Alhamisi asubuhi na leo ni Jumanne.

Yeye mwenyewe hata hana habari. Ananyonya, analala, anacheka na pazia. Ni sisi wakubwa ndio tumekosa usingizi. Mamake bwanangu alishuka kutoka Murang'a Jumamosi na kabla hata avue viatu swali la kwanza lilikuwa "amenya leo?" Nikajibu ukweli, hilo ndilo kosa langu. Sasa amekata sabuni ya kufulia akaichonga vizuri kabisa kama penseli, iko kwa kisahani jikoni karibu na chumvi, anasema tunaipaka mafuta tunaingiza kidogo tu na mtoto atafunguka. Jirani wa mlango wa pili anasema ni maji ya vuguvugu na sukari. Wa kemisti ananiambia ana sirapu ya 350. Na bwanangu anasema ni ile sindano, ati turudi tuwaulize walimpa nini.

Sitaki kumkosea shosho heshima juu amelea saba na wote wako. Lakini moyo unakataa hiyo sabuni. Kuna mtu ashapitia hii?

mama_wa_watatu

Pole mamii lakini pia karibu kwa chama. Wangu wa pili alienda siku nane, NANE, na mimi nilikuwa nimeshampa jina la benki, anapokea tu hatoi. Siku ya nane tukiwa kwa matatu ya kutoka tao akafungua, ikatoka kwa daipa, ikapita kwa mgongo, ikafika kwa shingo, kondakta akafungua dirisha bila kuuliza. Na ilikuwa laini kabisa, hakuna kitu kigumu hata punje. Wa kwanza alikuwa wa kila siku mpaka akaanza uji, wa tatu sasa ana miezi minne na anapupu Jumatano na Jumapili, sijui nani alimpa hiyo ratiba. Tumbo moja, titi ni hizi hizi, watoto watatu tofauti.

Hiyo sabuni itupe usiku shosho akilala. Sema panya alibeba.

BabaNjoro

Mwanaume anaruhusiwa kuongea hapa? Wetu hakuwa wa kukosa choo, alikuwa wa kujikamua. Wiki ya tatu hivi, saa kumi usiku, anakunja miguu, uso unakuwa mwekundu kama nyanya, anasukuma, analia, robo saa nzima, saa zingine dakika ishirini. Nikaamua huyu amefungwa tumbo au ana kitu kimejikunja ndani. Tukachukua teksi, mvua inanyesha, mama watoto ana mshono bado haujapona, tukafika kasualti, daktari akamfungua daipa pale mezani na mtoto akamalizia kazi mbele yetu sote. Laini kama dengu za kupondwa. Daktari alicheka, si kwa ubaya, akatukalisha akatueleza.

Venye nilielewa ni hivi: kunya ni kazi ya mikono miwili, samahani kwa huo mfano, tumbo linasukuma huku mlango wa nyuma unalegea kwa wakati mmoja. Mtoto mchanga bado hajui kuvipanga pamoja. Anasukuma lakini amebana hapo nyuma, ndio maana analia, hadi siku moja mwili unashika. Alituambia kitu cha kuangalia si kelele, ni kile kinachotoka mwisho. Kama ni laini basi hiyo si kufunga choo hata akilia namna gani. Na akasema tusimsaidie kwa kumtia themomita wala kidole wala pamba, juu akizoea kusukumiwa atangoja asukumiwe kila siku. Iliisha yenyewe baada ya wiki chache, siku hata sikumbuki. Ile teksi nakumbuka, bei ya usiku na ya mvua.

Sista_wa_MCH

MamaKadogo, mimi ni nasi, nafanya upande wa mama na mtoto hapa Nairobi, hii stori naisikia kila wiki kwa benchi. Kabla nikwambie chochote nijibu haya: anakojoa daipa ngapi kwa siku? Anajamba? Ukimbonyeza tumbo akiwa ametulia ni laini ama ni gumu limevimba? Anatapika, na kama anatapika ni maziwa ama ni kitu cha kijani? Kliniki ya wiki 6 alikuwa kilo ngapi na alizaliwa na ngapi? Na siku ya kwanza kabisa pale hospitali, choo cheusi kilitoka lini?

Hilo la mwisho watu hunishangaa nikiuliza. Ile choo ya kwanza nyeusi ya kunata kama lami inafaa kutoka ndani ya siku moja, mbili zikizidi sana. Mtoto ambaye ilimpita masaa 48 bila kutoa hiyo, halafu baadaye anakuwa wa kukaa siku nyingi na tumbo limejaa, huyo sitamwambia mama angoje, huyo aonwe na daktari wa watoto, juu kuna watoto wanazaliwa na kipande cha utumbo hakina neva za kusukuma.

Kuhusu chanjo, muambie baba yake nimemwelewa kabisa lakini hapana. Wiki ya 6 ndio pia wakati watoto wengi wa kunyonya hupunguza choo, vitu viwili vimekutana tu kwa kalenda. Mwezi wa kwanza mtoto akinyonya utumbo wote unaamka, ndio maana anapupu na titi bado liko mdomoni. Baadaye hiyo inatulia, na maziwa ya mama yanatumiwa na mwili karibu yote, mabaki ni kidogo, kwa hivyo anaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki, na choo ikitoka ni laini. Lakini hii ni kwa mtoto aliyepita mwezi na anaongeza uzito. Mtoto wa siku tano, sita, hajapupu tangu jana, hiyo kwangu ni stori ingine, hapo naanza kuuliza kama anapata maziwa ama ananyonya hewa. Siku za kwanza choo ndio risiti ya maziwa. Ikifika siku ya nne, tano hivi, nataka nione choo mara tatu nne kwa siku na imetoka kwa nyeusi ikapita kijani ikafika manjano.

Na yale matone ya mdomo, moja ni ya polio na lingine ni la rota, lile la kukinga kuharisha kubaya, Kenya ililianza 2014. Msikose ya wiki 10 sababu ya hii mambo.

Sabuni hapana. Ule utando wa huko ndani ni mwembamba, sabuni inauchoma, nimeona vidonda.

Mzee_wa_Kanjo

Nyinyi watoto wa siku hizi mnasumbuka. Sisi tulipewa maji ya sukari, tukapewa na majivu kidogo kwa ulimi, sabuni ndio usiseme, na tuko hapa tunalipa kodi ya nyumba. Shosho anajua.

mama_wa_watatu

@Mzee_wa_Kanjo mzee wetu shikamoo, lakini ambao hawakuvuka hawana simu ya kuandika hapa. Uliza shosho yeyote alizaa wangapi na wangapi walifika shule.

Wambo_wa_Pipeline

Mimi nitaongea upande wa maziwa ya kopo juu huku kila mtu ananyonyesha ni kama sisi wengine hatupo. Nilirudi kazi, bosi hakuwa na mambo ya kukamua maziwa choo cha ofisi, mtoto akaingia kopo na miezi miwili. Hii ya kukaa siku sita ukisema ni kawaida, kwa mtoto wa kopo sikushauri ungoje hivyo. Choo yao inakuwa nzito kuliko ya titi na hata rangi inakuja kahawia kahawia, harufu pia unajua ni mtu amekula, lakini haifai kuwa ngumu. Wangu alianza kutoa vipunje kama vya mbuzi. Analia kikweli, siku moja nikaona na kamstari ka damu juu ya hiyo choo, nikakimbia.

Kumbe shida ilikuwa kijiko. Msichana aliyekuwa ananisaidia alikuwa anaongeza kijiko kimoja juu ya vile kopo limeandika, na si kwa ubaya jameni, aliona mtoto analia akafikiria maziwa mepesi hayashibishi. Nasi aliniambia fuata kopo, maji kwanza kwa chupa mpaka kwa ule mstari, halafu vijiko vya kopo lenyewe, sawa sawa kwa juu, usikandamize. Usiazime kijiko cha kopo lingine, havilingani. Na maji yachemshwe, huku Pipeline hata maji ya mtungi mimi nachemsha. Wiki moja hivi ikarudi laini. Lakini hiyo damu nilionyesha daktari kwanza, sikujitibu.

Sista_wa_MCH

Wambo umeongea vizuri. Ka damu kama hako huwa ni kamkwaruzo hapo mlangoni kwa sababu ya choo ngumu, lakini damu ya mtoto mchanga usiamue mwenyewe, leta tuone. Unaweza kuja na hiyo daipa, hatuogopi, tumeona mengi.

kimya_kimya

Huwa nasoma tu siandiki lakini leo wacha niseme. Wote mnaongea idadi na ulaini, hakuna mtu ametaja rangi.

Wangu alikuwa anapupu kila siku, vizuri, laini, hata nilikuwa namsifu. Lakini ilikuwa nyeupe. Si manjano hafifu, nyeupe, kama udongo wa mfinyanzi ama ugali uliolala. Na mkojo ulikuwa unaacha doa la chai kwa nepi. Macho yalikuwa manjano tangu azaliwe, nikaambiwa mweke kwa jua asubuhi, nikaweka, mtu mmoja wa kliniki akaniambia ni maziwa yangu tu itaisha. Alikuwa na wiki 5 nilipokutana na daktari mwingine aliyeomba tu kuona daipa. Akaangalia akanyamaza. Siku hiyo hiyo akaandika barua.

Ilikuwa mirija ya nyongo, imeziba. Nyongo ndiyo inapaka choo rangi, ikikosa kufika kwa utumbo choo inakuwa nyeupe na ini linaanza kuharibika. Kuna upasuaji wake unaitwa Kasai, na unafanya vizuri ukifanywa mapema, kabla ya siku 60 hivi. Sisi tulifika kabla. Yuko, ana miaka mitatu, bado tuko kliniki kila mara.

Sitaki kumtisha mwenye swali, wako ni manjano naamini. Kijani, manjano, kahawia, hizo zote sikujali tena. Lakini mtu akisoma hapa na ako na daipa nyeupe, ama mtoto amepita wiki mbili na macho bado ni manjano, asimalize kusoma, aende.

MamaKadogo_Umoja

@kimya_kimya nimekusoma mara mbili. Asante kwa kuandika. Mungu amtunze.

Sista najibu. Mkojo daipa sita saba kwa siku, nzito. Kujamba, wueh, anajamba kama babake, jana shosho mwenyewe alicheka. Tumbo laini, nikibonyeza anafikiria namtekenya. Hatapiki, anacheua tu kidogo maziwa akishiba. Choo nyeusi ilitoka usiku ule ule wa kuzaliwa, nakumbuka juu ilinata kwa nguo ya hospitali na sikujua kama unaipangusa ama unaikwangua. Alizaliwa na 3.1, kliniki ya wiki 6 alikuwa 4.4. Choo ya Alhamisi ilikuwa manjano, na vile vipunje kama mbegu.

Sista_wa_MCH

Basi huyo mtoto yuko sawa kwa vile unavyoeleza, na vipimo vyake ni vizuri. Endelea kunyonyesha akitaka. Unaweza kumlaza chali umchezeshe miguu kama ya baiskeli na umsugue tumbo polepole kufuata mshale wa saa, itamfurahisha, na wewe utakuwa umefanya kitu. Usimpe maji, wala ya sukari, wala asali (asali kabisa mpaka afikishe mwaka, inaweza kuwa na vijidudu vya sumu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi). Hata hiyo sirapu ya 350 muachie mwenyewe kemisti. Maji yanajaza katumbo kenye nafasi ndogo, ananyonya kidogo, na maji yenyewe ya huku tunayajua. Miezi sita ni titi tu, muonyeshe shosho kile kijitabu cha kliniki kimeandikwa.

Usingoje siku yoyote ifike kama utaona tumbo limevimba limekaza na hajambi, akitapika kijani, damu kwa choo, joto la mwili limepanda, amekataa titi, amelegea, ama mikojo imepungua na utosi umebonyea. Hapo hata kama alipupu asubuhi ileile unaenda, na ni usiku unaenda. Kama hakuna hata moja ya hizo na bado moyo haujatulia, mpeleke kliniki iliyo karibu apimwe kilo tu, haina haja ya foleni ya daktari.

BabaNjoro

Na shosho asionekane mbaya jameni. Muulize alikuwa anawakanda vipi hao saba, nimeona wamama wazee wanajua kukanda mtoto. Mpe hiyo kazi ya tumbo na miguu, ataweka sabuni chini mwenyewe.

MamaKadogo_Umoja

Mrejesho. Leo ni Alhamisi, siku ya saba.

Nilifanya vile BabaNjoro alisema. Jana jioni nikamwambia shosho, mimi sijui kukanda, nionyeshe. Akakaa chini kwa mkeka, akanyoosha miguu, akamlaza mtoto kwa mapaja juu ya leso, akatoa mafuta kwa kiganja akayapuliza kwanza yapate joto. Mtoto alinyamaza akimwangalia mdomo. Akanyosha mguu mmoja, akanyosha mwingine, akavikunja mpaka kwa tumbo, huku anaimba wimbo wa Kikuyu ambao bwanangu alitoka chumbani kuusikiza, amesimama mlangoni na mswaki mdomoni. Hakuna kitu kilitoka. Majambo tu, manne, shosho alihesabu.

Leo asubuhi tukaenda kumpima. 4.7. Yule sista wa kliniki aliangalia kile kijitabu, akaangalia mstari unapanda, akamuuliza shosho "wewe ndio unamkanda?" Shosho akasema ndio, na tangu hapo sisikii mambo ya sabuni. Nimerudi nyumbani nikakuta kisahani kimeoshwa, na sabuni iko kwa karai anafulia nguo za mtoto.

Sasa saa nane mchana amembeba mgongoni anatembea kwa korido ya ploti akiongea na jirani yule wa sukari. Nikasikia sauti. Nyinyi mlioniambia siku nane na matatu, sikuwa nimewaelewa. Manjano, laini kama custard, imepita daipa, imepita fulana, imeshuka kwa leso mpaka kwa sketi ya shosho, na yeye amesimama pale amefungua mikono kama ameshinda uchaguzi, anaita ploti nzima kwa jina.

Mtoto amelala. Swali ni moja limebaki: ile leso ni yake ya harusi ya dada yangu, nyeupe na zambarau. Hilo doa la manjano linatolewa na nini?

mama_wa_watatu

Hahaha pole. Usitie maji moto kwanza. Suuza na maji baridi, sabuni ile ile ya penseli (imepata kazi), halafu ianike kwa jua kali ikiwa bado mbichi, upande wa doa juu. Choo ya titi inaondolewa na jua. Ukiona bado kuna kivuli, lowesha tena rudisha juani.

Wambo_wa_Pipeline

Jua liko wapi Nairobi mwezi huu wa saba

mama_wa_watatu

Basi angoje wa tisa.